Mtakatifu Guzetu

Jumatatu, 8 Septemba

Muhula umeanza, mvua bado. Nimepewa Kiswahili madarasa matatu ya chini, pamoja na dini, kama mwaka jana. Mkuu wa shule alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kamati ya wazazi "ina mawazo" kuhusu vipindi vya Kiswahili. Nilipomuuliza mawazo gani, akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri ofisini.

Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa makusudi. Mimi Umuhire nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, nikaletwa huku na wazazi nikiwa msichana mkubwa, na hadi leo nikikasirika, hasira huja kwa Kiswahili. Mwaka huu nahisi nitakasirika sana.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza! Tulitoka misani tukakuta njia ya Mururu imegeuka utelezi mtupu. Nilikuwa nimemshika mkono Maman Vénantie, ambaye nimepanga nyumba ndogo katika ua wake. Mguu ukamteleza, na badala ya kumwita Yesu au Maria kama watu wengine akalia, "Guzetu wangu!"

Nilimuuliza Guzetu ni nani. "Ni mtakatifu," akasema. "Wa zamani. Nyinyi wa siku hizi hamumjui." Maman anazungumza Kinyarwanda tu, kwa hiyo humu shajarani maneno yake nayageuza mimi kwa Kiswahili. Nafundisha dini na simjui mtakatifu wa jirani yangu, nikaona haya. Niliporudi nilipekua kalenda ya watakatifu mwaka mzima. Guzetu hayumo. Labda ni shahidi wa Roma ambaye wamechoka kumweka kwenye kalenda.

Ijumaa, 26 Septemba

Baada ya vipindi nilimsaidia Maman kupanda maharage. Anachimba, mimi nadondosha mbegu, yeye anafukia kwa mguu. Huyu ni mtu anayesali kabla ya kuinjika sufuria, anasali kabla ya kuwasha moto, lakini leo alinyamaza shambani tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamtania kwamba ameisahau mbegu.

"Kwa mbegu sina sala," akasema. "Mbegu zinajua kazi yake."

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumemzika mzee jirani, mwashi, mtu mpole. Mvua ilitunyeshea tangu kanisani. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza watu wote wakageuka kumtazama Maman Vénantie. Hapa kilimani hakuna anayezikwa bila Kilatini chake, wimbo mfupi wa sala. Alifundishwa na nyanya yake, aliyebatizwa Mibirizi wakati misheni ikiwa bado changa, na nyanya alifundishwa na katekista mgeni aliyekuja na mapadre wa kwanza. Hajui maana yake. Hakuna anayejua. Ameuimba juu ya kila kaburi la kilima hiki, kwa sauti ya kuvuta ile ya misa za zamani:

*Munguwe, tutupere, orizi, kizetu.*
*Tusame, hemako, sayetu.*
*Rindambe, Guzetu, aridini.*

Wanaume wakavua kofia. Delphin, mwanawe, alimshikia mwavuli yeye akaloa mwenyewe, na uso wake ulijaa fahari. Naandika hapa bila aibu: nililia kwa ajili ya fundi ambaye tulikuwa tunasalimiana tu, na kilichoniliza ni ule wimbo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Chaki zimelowa, hazishiki ubaoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Mawazo ya kamati yamekuja kula chakula cha mchana nyumbani kwetu. Delphin ndiye mwenyekiti wa wazazi, nami nilikuwa nalijua hilo, ila nilikuwa nimejidanganya kwamba mtoto wa Maman Vénantie hawezi kunifanyia hivyo. Alianza kwa adabu kabisa. Mbele ya mama yake akahamia Kiswahili cha huku, chenye "bantu" badala ya "watu", ili mama huyo asielewe.

"Madame, mimi sina neno na weye. Lakini angalia. Mutoto anaanguka mu Kingereza, anaanguka mu calcul, mu hesabu, na siye tuko namupatia Kiswahili. Kiswahili banakiokota bure mu soko ya Kamembe."

"Banaokota matusi," nikamwambia. "Kuandika je, banaokota wapi?"

"Na hii ni shule ya Kanisa. Bantu banasema tuko natengeneza Baswahili."

Msomaji asiye wa huku asingeelewa uzito wa neno hilo. Kwetu ukimwita mtu Mswahili, una maana kwamba ni Mwislamu, au ni mjanja wa mjini atakayekuuzia saa iliyokufa, na mara nyingi anayesema hajisumbui kutenganisha. Nilimuuliza Delphin haya yote ananiambia kwa lugha gani. Akacheka kwa dhati, akaongeza maharage.

Delphin si mtu mbaya. Ana watoto watatu shuleni kwetu na anaogopa mitihani kuliko anavyomwogopa shetani. Lakini vipindi vya Kiswahili vikifutwa nabaki na dini peke yake, na mwalimu wa dini peke yake huhamishiwa mahali ambako hatakuwa na Maman Vénantie. Kura ni mwezi ujao.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempelekea Nasiba vitambaa vya sare, mjini Kamembe. Nasiba ni fundi cherehani, Mwislamu, na ndiye rafiki yangu pekee ambaye hupiga kelele kunizidi. Nilimweleza kuhusu kamati. Akasema, "Basi ukifukuzwa uko nakuja kushona kwangu. Vifungo tu, juu mikono yako haiko sawa."

Jumapili, 2 Novemba

Sikukuu ya marehemu wote. Lazima niandike taratibu, nisiruke kitu.

Tulipanda kwenye makaburi ya zamani juu ya kilima. Maman alipumzika mara nyingi njiani. Pumzi yake imekuwa fupi mwaka huu. Tulisimama kwanza penye kaburi la Mutoni, bintiye wa kwanza, aliyeondolewa na homa kabla ya kuanza shule. Hakuna tena anayemkumbuka isipokuwa mama yake. Hapo ndipo Maman alipouimba wimbo kwa mara ya kwanza, akiwa mama kijana, kwa sababu padre alikuwa mbali na hakutaka mtoto afukiwe kimya.

Leo akaanza kuimba, pumzi ikamkatika. Akakata pasipo pake. Badala ya *Tusame, hemako, sayetu*, nikasikia: *tusamehe... makosa... yetu.*

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikarudisha nyuma kichwani mwangu, silabi kwa silabi, nikiwa nimesimama na maua mkononi. *Munguwe tutupere orizi kizetu.* Mungu wetu utupe leo riziki zetu, "l" ikiwa imegeuka "r". Ni Kiswahili! Kiswahili kitupu, kimekatwa pasipostahili na vinywa viwili visivyokijua, kikavishwa sauti ya misa. "Mungu" mwenyewe alikuwa pale mwanzoni kabisa, anatutazama, na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Tuliambiwa ni Kilatini, tukasikia Kilatini.

Mstari wa mwisho sikuufumbua. Rindambe, Guzetu, aridini. Labda huo ni Kilatini kweli.

Sikumwambia kitu. Nilimpa maua akayaweka.

Jumanne, 4 Novemba

Sikuweza kukaa nalo peke yangu. Nilikwenda Mibirizi kwa Padri Wenceslas, mstaafu, ambaye amesoma mambo ya zamani hadi macho yamechoka. Nilimwimbia mistari miwili ya kwanza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Unashangaa nini?" akasema. "Mapadre wa kwanza walipofika hawakujua Kinyarwanda. Walikuwa na Kiswahili kidogo, na wasaidizi waliowatoa Uganda. Watu wa kwanza kusikia habari za Kristo huku, wengine walizisikia kwa Kiswahili. Baadaye Kinyarwanda kikajulikana, Kiswahili kikaachiwa Waislamu na soko, nasi tukajifanya hatukuwahi kulala nacho nyumba moja."

Nilimwambia kuhusu kura. Nilimwambia kwamba mama wa mwenyekiti mwenyewe ndiye ushahidi wangu. Padri aliacha kucheka.

"Umuhire, hiyo ni sala ya mtu. Usiibebe kama rungu."

Nikamjibu kwamba naelewa. Ndani ya basi la kurudi nilikuwa tayari napanga maneno.

Jumatatu, 10 Novemba

Maharage yanachanua. Maman amenipa parachichi mbili. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeshinda. Ngoja niandike jinsi nilivyoshinda.

Ukumbi ulijaa. Maman Vénantie alikuja pia, kwa sababu ya wajukuu, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Delphin alizungumza vizuri: mitihani, kompyuta, dunia ya leo. Nilijibu vizuri pia: mpaka uko hatua chache kutoka hapa, jumuiya ya nchi jirani tuliyojiunga nayo, serikali yenyewe imekipa Kiswahili nafasi. Wazazi walikuwa wanagawanyika nusu kwa nusu. Angeishia hapo, nami ningeishia hapo.

Lakini akasema, "Mama yangu hajui kusoma, na anasali Kilatini. Hicho Kanisa lilituachia. Kiswahili kilituachia nini?" Watu wakapiga makofi, wakamgeukia bibi, naye akainamisha kichwa kwa furaha.

Nikasimama. Hasira ilikuwa imenijia kwa Kiswahili. Nikauimba wimbo wake mbele ya watu wote, kama anavyouimba. Halafu nikaurudia polepole, nikiyakata maneno panapostahili. Mungu wetu. Utupe leo. Riziki zetu. Nusu ya ukumbi wanafanya biashara Bukavu, sikuhitaji kuwatafsiria. Nikasema, "Hiki ndicho kilichotuachia. Bibi yetu anawaombea marehemu chakula, kwa Kiswahili safi!"

Kisha kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, watu walifurahi tu, kama unavyofurahi ukigundua jirani yako ni ndugu yako. Mmoja akapaza sauti, "Maman Kilatini, tupe riziki!" wakacheka tena. Kura zikapigwa na Kiswahili kikabaki.

Nilipotazama mlangoni, Maman alikuwa anafunga fundo la kitenge chake. Akalifungua. Akalifunga tena. Hakunitazama.

Jumapili, 16 Novemba

Maman alikwenda misani kabla sijaamka. Kila Jumapili tunakwenda pamoja.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua siku nzima. Nimeongezewa kipindi kimoja cha Kiswahili. Walimu wenzangu wananipongeza, na mimi nazishika pongezi zao kama mtu aliyepewa sahani ya moto.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo amezikwa mama mmoja wa chini ya barabara, mwenye watoto wadogo. Udongo ulipoanza kuanguka watu wakageuka, kama siku zote, kumtazama Maman Vénantie. Alikuwa ameufumba mdomo. Wakasubiri. Mtoto mkubwa wa marehemu alimtazama kwa macho ya kumwomba, naye akatikisa kichwa. Tulisikia udongo tu, jembe baada ya jembe, na sijawahi kusikia kitu kirefu kama kile.

Tukishuka kilima Delphin alinifikia. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali.

"Ulishinda, Madame. Ni sawa. Mimi njo nilianza kumuleta maman mu maneno yetu, najua. Lakini hasali tena. Asubuhi hasali, ku chakula hasali. Namuuliza, ananiambia: nilikuwa nachekesha bantu ku makaburi."

Kiswahili changu chote, ambacho nilikipigania mbele ya ukumbi mzima, hakikunipa hata neno moja. Nilimnyang'anya mwanamke mzee sala yake ili nisihamishwe shule. Hivyo ndivyo ilivyo nikiandika bila mapambo.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio yameanza, kuelekea Krismasi. Mshumaa wa kwanza. Nilikwenda kuungama. Padre wa parokia, kijana, akanipa malipizi ya kusali Baba Yetu mara tatu. Nikasali kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye makosa nikaurudia mstari huo.

Jumamosi, 6 Desemba

Kwa Nasiba. Habari zilikuwa zimeshafika Kamembe kabla yangu. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Na weye ni mwalimu," akasema. "Bibi yangu alisoma Kurani maisha yake yote. Kiarabu hakukijua, hata kuuliza maji. Kuko muntu alimucheka? Mungu alikuwa nasikia. Weye ulienda kusimama katikati ya Mungu na ule mama, na ukalimani yako."

Niliinama. Nikakubali. Akaniambia nimwimbie huo wimbo, na nikakataa, na akanikazia macho hadi nikamwimbia. Nasiba akaanza kuufuatisha kwa kukanyaga cherehani, na cherehani haina habari na misa ya Kilatini. Inakata popote inapotaka. *Rinda-mbegu-zetu-ari-dini.* Akaukanyaga tena. Halafu akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Umuhire. Hiyo si 'mbegu zetu'?"

Nikaketi juu ya sare za watu.

Linda mbegu zetu ardhini. Si sala ya mazishi na si Kilatini. Ni sala ya kupandia. Katekista yule mgeni alimfundisha nyanya yake Maman sala ya kusema shambani, mvua ikianza. Na mimi nilikuwa nimeitangaza nusu, ile nusu ya kuchekesha.

Jumapili, 7 Desemba

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa anamenya viazi. Nilipotaja tu neno sala, akasema, "Umeshafundisha vya kutosha," akaingia ndani.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua imepungua. Maganda ya maharage yamekauka. Nimesahihisha mitihani yote. Mtoto wa Delphin amepata alama nzuri za Kiswahili, na sikuzipunguza wala kuziongeza, ingawa zote mbili zilinijia kichwani.

Jumamosi, 20 Desemba

Shule imefungwa. Asubuhi nilisikia Maman anapiga maharage kwa fimbo uani, peke yake, pumzi ikimkatika. Nilitoka nikachukua fimbo nyingine bila kuomba ruhusa. Hakunifukuza. Tulipiga hadi jua likawa kali, kisha tukaketi mkekani kuchambua: ya kula upande huu, ya mbegu za kupanda Februari upande ule. Ya mbegu huwa anayachagua mwenyewe, moja moja, hakuna anayeruhusiwa kumsaidia.

Alisema bila kuinua macho, "Mwanzo wake uliwaambia watu wote. Mwisho hukuwaambia."

"Nilikuwa siujui, Maman." Ni kweli, na haisaidii.

"Sasa unaujua?"

"Naujua. Nasiba ndiye aliyeusikia. Yule fundi wa sare, Mwislamu."

Akaguna. "Anza mwanzo."

Nikamwambia kwa Kinyarwanda, polepole. Mungu wetu, utupe leo riziki zetu.

"Hilo nimelisikia. Endelea."

"Utusamehe makosa yetu."

"Hilo ni lako," akasema.

Nikasema ndiyo, ni langu. Nikamwomba msamaha, si kwa maneno mazuri. Akanisogezea fungu la maharage nichambue. Kisha akauliza ile Rinda. "Hiyo naijua," akasema. "Kwetu rinda ni kulinda. Nilidhani Walatini waliichukua kwetu."

"Ni ileile, Maman. Linda mbegu zetu ardhini. Ni sala ya kupandia. Katekista alimpa nyanya yako aiseme shambani."

Mkono wake ukasimama juu ya maharage.

"Na Guzetu?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimeshamwondolea Kilatini, sasa namwondolea na mtakatifu. "Hakuna Guzetu, Maman. Ni 'mbegu zetu', imekatwa katikati."

Kuku akaja kudonoa kwenye fungu la mbegu na hakumfukuza. Nikamtazama usoni nikaona hana hasira. Alikuwa anatazama juu kilimani.

"Mutoni ndiye wa kwanza niliyemwimbia," akasema. "Sikujua nasema nini. Nilijua tu kwamba nikinyamaza nitaanguka humo pamoja naye." Akaokota harage moja, akalifuta vumbi kwa kidole gumba. "Mbegu zetu ardhini. Kumbe nilisema sawasawa."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia.

"Na kila nilipojikwaa," akasema, "nilikuwa namwita Mutoni."

Akaliweka lile harage upande wa Februari. Halafu, bila kuniomba wala kunitazama, akaanza kuimba juu ya mbegu, kwa sauti ileile ya kuvuta, maneno yakiwa yamekatwa vilevile kama siku zote, moja baada ya jingine, yote pasipo pake. Alipofika kwa Guzetu nikaitikia naye, na sikurekebisha hata herufi moja.